Hesabu ya Watu na Basi la Alfajiri: Niliyopitia Nikitafiti Vijiji vya Talala, Gujarat

Ndugu zangu waliposikia naenda kufanya utafiti vijijini India, waliniuliza nitakula nini na nitalala wapi. Leo nikikutana na mwanafunzi wa kwetu mwenye safari kama ile, mimi namuuliza kitu kingine kwanza: kijiji unachokwenda kina watu wangapi, na hesabu hiyo imejumlisha nyumba zipi? Jibu lake ndilo litakalomwambia kama atakuta lami, kama kuna basi, basi lenyewe linatoka saa ngapi, na kama jioni atarudi mjini au atalala hukohuko kwa watu asiowajua. Naandika kwa ajili yake, maana mambo haya mimi yalinigharimu muda, pesa na usiku mmoja wa hofu.

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili ya jiografia mjini Rajkot, katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Mada yangu ilikuwa namna watu wa vijiji vidogo wanavyofika hospitali, sokoni na shuleni. Eneo nililopangiwa ni taluka ya Talala, kusini mwa rasi ya Saurashtra, kando ya msitu wa Gir wenye simba wa Asia. Taluka ni sehemu ya wilaya, ngazi inayokaribiana na tarafa ya kwetu. Wenyeji walizungumza nami kwa sharti la kutotajwa, kwa hiyo vijiji nilivyofanyia kazi sitavitaja majina. Kimoja tu nitakitaja, Jambur, na sababu itaonekana.

Kazi ilianzia mezani, kwenye takwimu. Sensa ya mwisho kukamilika India ni ya mwaka 2011. Ile ya 2021 iliahirishwa kwa sababu ya UVIKO-19, na serikali yao imetangaza kwamba inayofuata itachukua 1 Machi 2027 kuwa tarehe ya rejea. Kwa hiyo namba yoyote ya sensa utakayopewa leo kuhusu kijiji chochote India inaeleza watu waliokuwepo usiku wa kuamkia 1 Machi 2011. Mtoto aliyezaliwa wiki iliyofuata sasa yuko sekondari, na kwenye namba hiyo hayumo.

Halafu kuna suala la mipaka. Talala leo iko wilaya ya Gir Somnath, lakini wilaya hiyo ilizaliwa 15 Agosti 2013 kwa kumegwa kutoka Junagadh. Ukitafuta Gir Somnath kwenye vitabu vya sensa ya 2011 hutaiona popote. Fungua kitabu cha Junagadh, tafuta Talala, kisha nakili namba ya kijiji yenye tarakimu sita na uishike hiyo kuliko jina. Saurashtra ina vijiji vingi vya jina moja, kimoja kikiitwa Moti, yaani kikubwa, na kingine Nani, yaani kidogo. Dereva akisikia jina tu atakupeleka Moti, kwa sababu ndiko wengi wanakokwenda. Mimi nilikuwa natafuta vya Nani.

Kitabu hicho cha sensa kina orodha ya vijiji vyote na huduma zake: basi, stesheni ya treni, barabara ya lami, zahanati, posta. Huduma isipokuwepo kijijini, wameweka herufi ya umbali hadi ilipo ya karibu: a ni chini ya kilomita 5, b ni kati ya 5 na 10, c ni zaidi ya 10. Niliihifadhi orodha hiyo kwenye simu na imenisaidia kuliko ramani yoyote. Lakini soma kwa makini inachokuambia. Ikisema basi lipo, maana yake linafika kijijini. Saa ya kufika haimo.

Hapo ndipo nilipokwama mwanzoni. Kijiji changu cha kwanza kilikuwa na alama ya basi, nami nikapanga kutoka Talala asubuhi, nihoji watu mchana, nirudi jioni. Pale stendi ya Talala nikaambiwa basi la kule limeshatoka. Limeshatoka kule kuja huku, siyo huku kwenda kule. Mabasi mengi ya vijijini ya shirika la jimbo hufika kijijini jioni, dereva na kondakta hulala hukohuko, na saa kumi na mbili asubuhi huondoka na wanafunzi, wauza maziwa na wagonjwa kwenda mjini. Sisi tuliokulia vijijini tunalijua basi la namna hii, lile linalolala kijijini na kupiga honi alfajiri. Limepangwa kwa ajili ya mwanakijiji mwenye shida mjini. Anayetoka mjini kwenda kijijini kwa siku moja hana nafasi katika ratiba hiyo.

Tangu siku hiyo nilibadili mpango wote. Nilikuwa nikipanda basi la jioni, nalala kijijini, nafanya kazi siku nzima inayofuata, nalala tena, nikirudi nalo alfajiri. Ukipangiwa kijiji chenye basi moja, andika bajeti yako kwa malazi ya kijijini mapema, usiandike nauli ya kwenda na kurudi. Na jifunze tarakimu za Kigujarati kabla ya kufika. Ni kumi tu, jioni moja inatosha. Ubao wa basi na ratiba ya ukutani vimeandikwa kwa hati yao, na saa zao zinahesabiwa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 18 kwenye ubao ni saa kumi na mbili jioni yetu.

Sasa nieleze kwa nini nasema idadi ya watu na usafiri ni habari moja. Mwezi Desemba 2000 serikali kuu ya India ilianzisha mpango wa barabara za vijijini uitwao Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana. Makazi yasiyo na barabara ya kupitika majira yote yangejengewa ikiwa yana watu 500 au zaidi katika maeneo ya tambarare, na 250 au zaidi milimani, jangwani na katika maeneo ya makabila yaliyotajwa kisheria. Awamu ya nne, iliyoidhinishwa Septemba 2024, imelenga makazi 25,000 na kilomita 62,500 za barabara kwa vigezo vya namna hiyohiyo, ikitumia sensa ya 2011. Huduma nyingine nazo zinafuata kichwa cha mtu: kituo cha watoto wadogo, anganwadi, kimoja kwa watu 400 hadi 800, mhudumu wa afya wa kijiji mmoja kwa watu 1,000, zahanati ndogo moja kwa watu 5,000. Mtu mmoja kupungua kwenye daftari kunaweza kuwanyima wengine 499 lami. Nilipolielewa hili nilianza kuwasikiliza wazee kwa sikio jingine. Mgeni akiuliza mko wangapi, wao wanajua swali hilo limebeba nini.

Tena mpango unazungumzia makazi, siyo kijiji, na tofauti hii ndiyo niliyoijenga kuwa sura nzima ya tasnifu. Kijiji cha daftarini ni eneo lenye mipaka ya ardhi. Ndani yake kuna gam, pale penye hekalu, duka la mgao, shule na kituo cha basi, halafu kuna nyumba za mashambani, wanakopaita vadi, kilomita mbili au tatu kutoka hapo. Msituni kuna nes, makazi ya wafugaji Wamaldhari, ambako mgeni haingii bila kibali cha idara ya misitu. Kijiji kinaweza kuwa na watu zaidi ya elfu moja, kikahesabiwa kuwa kimeshaunganishwa kwa sababu lami imefika gam, na watu mia tatu wa vadi wakaendelea kukanyaga tope. Kanuni zinaruhusu kujumlisha watu wa makundi ya nyumba yaliyo ndani ya mzunguko wa mita 500, ila lazima awepo mtu wa kuyapima na kuyaandika.

Katika vadi moja mzee mmoja aliniita ben, yaani dada, neno la heshima kwa mwanamke, akaniambia: "Ben, siku ya kuhesabiwa tulikuwa wachache. Njoo wakati wa embe uone." Sensa yao ilihesabu Februari. Talala ni nchi ya maembe ya Kesar, yaliyopewa hati ya kulindwa kwa jina la asili yake, Gir Kesar, mwaka 2011, na mavuno yake ni kuanzia Aprili hadi mvua zinapokaribia, Juni. Nilirudi Mei. Vibanda vilikuwa vimejaa vibarua kutoka Dahod, mashariki mwa Gujarat, na jimbo jirani la Madhya Pradesh na watoto wao, wanawake wakipanga maembe kwenye maboksi yaliyotandikwa nyasi kavu, na kwenye njia ileile ya udongo vigari vya mizigo vikipishana kwa shida. Siku hizo usafiri ni mwingi na nauli ni nafuu, kwa sababu kila gari linaloleta maboksi matupu linabeba watu. Julai yote yalikuwa yametoweka. Ukiandika kwamba kijiji kinafikika, andika na mwezi.

Usafiri wenyewe wa kati ya basi na basi ni chhakda. Ni chombo cha magurudumu matatu, mbele kina usukani wa pikipiki, nyuma bodi ya wazi yenye mbao mbili za kukalia, injini ya dizeli inayotetemesha meno. Rangi kali, shanga na vitambaa vya kuning'inia, picha ya mungu wa dereva juu ya taa. Hakiondoki mpaka kijae, na kujaa kwake hakuna kikomo. Nililipa rupia 20 au 30 kwa safari ya kawaida. Kukikodi peke yangu niliombwa 500 hadi 600, na nilikubali mara chache tu, kwa sababu kila nilipokodi nilipoteza mazungumzo. Akina mama waliobanana nami kwenye ubao walinieleza mambo ya hospitali ambayo hawakuyasema mbele ya waume zao nyumbani. Siku hizi magari madogo aina ya Eeco yanachukua njia zenye lami nzuri, ni salama zaidi na mvua haikupati. Kwa wanawake wenzangu: keti nyuma karibu na akina mama, waambie unashuka wapi, na wao watakushusha hata dereva akisahau.

Kuna na treni. Reli ya Junagadh hadi Delvada inayopita Visavadar, Sasan Gir na Talala ni ya upana wa mita moja, upana uleule wa Reli ya Kati ya zamani ninayoijua tangu utoto wangu Kilosa. Inapita katikati ya msitu kwa mwendo wa polepole kwa ajili ya wanyama, nauli yake ni ndogo kuliko ya basi, na dirishani unawaona swala madoadoa wakila pembezoni mwa tuta. Nilikaa dirishani nikalia, nikikumbuka nyumbani. Kwa kazi, hata hivyo, treni hiyo haitoshi: safari ni chache na stesheni nyingi ziko mbali na nyumba za watu. Kutoka Rajkot mimi nilipanda treni kubwa hadi Veraval, kisha basi au Eeco hadi Talala. Tiketi za treni kubwa katisha mapema, maana zinaisha, na kadi za benki za kwetu mara nyingi zinakataliwa mtandaoni. Kama una akaunti ya benki ya India, mambo mengi yatakuwa rahisi, hata dereva wa chhakda anapokea malipo kwa simu.

Niliahidi kuitaja Jambur. Kila niliposimama stendi ya Talala nikiwa na begi, madereva waliniita, "Jambur, ben? Jambur?" Wengine walinisogezea nafasi bila kuniuliza. Jambur ni kijiji cha Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika walioishi Gujarat kwa vizazi vingi, na wao walidhani ninarudi nyumbani. Nilipojibu kwa Kigujarati changu kibovu walishangaa. Siku moja ya mapumziko nilikubali, nikaenda. Sikukwenda kuhoji mtu. Nilifika kwenye dargah, yaani kaburi la walii, ya Nagarchi Pir, nikasalimia, nikaketi na akina mama waliokuwa wakichambua karanga. Wanazungumza Kigujarati, Kiswahili hawana, na mimi nilijikaza nisiwahoji kana kwamba wana deni la kunithibitishia kitu. Mmoja alinishika mkono akaulaza kando ya wake, akaniita dada, akanipa chai. Nilitulia siku ile kuliko siku nyingine yoyote niliyokaa India. Ukienda, nenda kama mgeni wa watu. Wamechoshwa na kamera, na wana mambo yao ya kuuliza kuhusu ajira, ardhi na shule kama kijiji chochote cha Talala.

Usiku wa hofu ulikuja Julai. Mvua ilinikuta kwenye vadi moja, na mto mdogo uliokatiza njia ukapanda juu ya daraja la chini, lile lililojengwa ili maji yapite juu yake kwa muda. Barabara ya majira yote haiahidi kwamba haitakatika kabisa. Wahandisi wanakubali ikatike kwa saa kadhaa, na saa hizo kadhaa zikiangukia jioni wewe umeshalala huko. Dereva wa chhakda aliyatazama maji, akakata shauri kurudi. Alikuwa sahihi, usimbembeleze dereva kamwe katika hali hiyo. Mwalimu wa anganwadi alinichukua kwake, akanipa sari yake kavu, tukala mkate wa mtama mwekundu na vitunguu, nikalala na binti zake.

Siku iliyofuata askari walifika nyumbani kwake. Mtu akimlaza mgeni wa nje ya nchi, hata nyumbani kwake, sheria inamtaka atoe taarifa ndani ya saa 24, na fomu yake wakati wangu ilijulikana kama Fomu C. Yeye hakujua. Alihojiwa mbele ya majirani kwa sauti ambayo hakustahili, na kosa lake lilikuwa kunistiri na mvua. Hakupewa adhabu, lakini aibu ile niliiona usoni mwake na bado inaniuma. Kwa hiyo, kabla hujakanyaga kijiji, pata barua ya chuo yenye muhuri, kwa Kiingereza na Kigujarati. Ipeleke kwa mamlatdar, ofisa wa serikali anayesimamia taluka, na kituo cha polisi, ukiwa na nakala ya pasipoti na kibali cha ukaazi, ukiwaonyesha orodha ya vijiji na majina ya wenyeji wako. Kisha mfundishe mwenyeji namna ya kutoa taarifa, au itoeni pamoja kwa simu yako kabla ya kulala. Nilipofanya hivyo, askari walewale wakawa wananipigia kuniambia mto gani umejaa.

Huyo mwalimu wa anganwadi ndiye aliyenipa pia hesabu ya kweli. Ofisi ya panchayat, yaani halmashauri ya kijiji, ilinipa namba ya 2011. Talati, mtunza daftari wa kijiji, anazunguka vijiji kadhaa na hukutani naye kila siku. Ben yule, mwalimu wa anganwadi, ana daftari la familia zote za eneo lake: nani mjamzito, nani kazaa, nani kahamia jiji la Surat kwenye kazi ya almasi, kibarua gani ameleta watoto. Analipitia kila mara kwa sababu chakula cha watoto kinategemea. Ukifika kijijini, muone sarpanch, mkuu wa kijiji aliyechaguliwa, kwanza kwa heshima, lakini keti na mwalimu wa anganwadi kwa muda mrefu, na umlipe muda wake, kwa sababu malipo yake ya kazi ni madogo.

Gharama iliyonishinda haikuwa nauli. Ilikuwa mkalimani. Posho yangu ilichelewa, nikalazimika kupunguza vijiji kuliko kumpunja msichana aliyenisaidia lugha. Kama fedha ni chache, punguza vijiji. Kijiji kimoja ulichokilala majira mawili kinaeleza zaidi kuliko vitano ulivyovipitia ukiwa ndani ya gari la kukodi.

Mwishoni mimi na ben tulizunguka vadi yake kwa miguu, nyumba kwa nyumba, nikipima kwa simu umbali kati ya kundi moja na jingine. Makundi matatu yalikuwa ndani ya mita 500, na daftarini yalikuwa yameandikwa mbalimbali. Yakijumlishwa, watu wanavuka 500. Hesabu yetu haiwezi kuwapa barabara, kwa kuwa mpango unasoma namba za sensa. Sarpanch aliomba ramani ile, nikaichapisha kubwa kwa Kigujarati, kila nyumba na namba yake, ili makarani wa sensa watakapofika wasiishie kwenye lami. Kama utafiti wako unakupeleka vijijini kule kabla ya Februari 2027, chora ramani ya namna hiyo na uiache panchayat. Kuichapisha kulinigharimu rupia 400.